Ikague zahanati yako kabla hawajaja: njia ninayoitumia huku uwandani

"Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ukitaka kuiona methali hii inavyotembea kwa miguu, nenda kwenye zahanati yoyote wiki inayotangulia ukaguzi. Sabuni imepatikana, glovu zimejaa, ndoo ya kunawia imetolewa nyuma ya mlango na kuwekwa panapoonekana, na wagonjwa wanaulizana benchini, "Kwani leo anakuja nani?" Wiki inayofuata ndoo imekauka.

Mimi ni muuguzi mkunga na mganga mfawidhi wa zahanati ya kijiji kwenye uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Nimekaguliwa mara nyingi, na mara kadhaa timu ya halmashauri imenichukua kwenda nayo kukagua wenzangu. Nilipokaa upande wa pili wa meza ndipo nilipong'amua kwamba mkaguzi anayeijua kazi hakisomi kituo kwenye faili. Anachagua kitu kimoja, iwe mgonjwa, kichupa cha chanjo au dozi ya dawa mseto ya malaria, halafu anakifuata kutoka mlangoni mpaka kinapoishia. Ninayoeleza hapa ni namna ya kujifuata mwenyewe kwa mtindo huo. Tenga siku mbili za kazi, na usizichague siku zenye wagonjwa wachache. Huku kwetu msimu wa korosho ndio kipimo kizuri, maana zahanati inajaa na maji yanakuwa ya shida.

Kwa faida ya walioajiriwa karibuni: wanaokuja si watu wa aina moja. Timu ya usimamizi wa afya ya halmashauri huja kwa usimamizi shirikishi, na kazi yake ni kukusaidia, ingawa siku yenyewe haionekani hivyo. Upo ukaguzi wa nyota ulioanza 2015, unaokipa kituo nyota 0 hadi 5, na kila mfawidhi anaota nyota 3. Kuna TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba, na kituo binafsi kina bodi yake inayokisajili. Madodoso yao yanatofautiana, lakini vitu wanavyovishika kwa mkono ni vilevile.

Hatua ya 1: Ingia kama mgonjwa

Vua sare. Toka nje mpaka barabarani, kisha rudi ukitembea polepole kama mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Je, kibao cha zahanati kinasomeka? Saa za huduma zimeandikwa? Kuna mtu anayemwona mtoto aliyelegea na kumpitisha mbele, au wote wanasubiri zamu? Kaa kwenye benchi robo saa bila kusema kitu. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza niligundua kwamba kila neno analosema mgonjwa kwa tabibu linasikika benchini. Dirisha la chumba cha daktari lilikuwa linafunguka kuelekea kibarazani, na tulikuwa tumelifungua miaka yote kwa ajili ya hewa. Tulichofanya ni kuhamisha benchi tu. Haikugharimu shilingi.

Ingia chooni pia, kile cha wagonjwa, siyo cha watumishi. Angalia kama mlango unafungika kwa ndani na kama kuna maji ya kunawa ukitoka. Mjamzito wa miezi 9 anaweza kuchuchumaa pale na kuinuka bila kushika ukuta?

Kwenye chumba cha kliniki ya wajawazito angalia pazia. Wengi tunatumia khanga. Sina ugomvi na khanga, ila iwe doti nzima na ifike chini, na iwepo ya kubadilisha nyingine ikifuliwa.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya maji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uwandani vituo vingi huangukia hapa. Newala na Tandahimba tunakaa juu, maji yako chini sana, na bomba likitoa leo si ahadi ya kesho. Mkaguzi akifungua koki na ikatoa hewa tu, hapo usafi wa mikono, usafi wa vifaa na chumba cha kujifungulia vyote vimeshaanguka kabla hajafungua daftari lake.

Usiseme "tuna simtanki". Sema lina lita ngapi na zinakaa siku ngapi. Shirika la Afya Duniani linakadiria lita 5 kwa kila mgonjwa wa nje na lita 100 kwa kila mama anayejifungua. Kwangu siku ya kawaida tunaona wagonjwa 40, na tukipata uzazi mmoja hesabu inakuwa hivi: 40 mara 5 ni lita 200, ongeza 100, jumla lita 300 kwa siku. Tanki la lita 5,000 likijaa linanipeleka siku 16. Basi. Kama bowza la maji linachukua wiki tatu kufika tangu uliposaini ombi, tanki hilo halitoshi, na ni bora ulijue leo kuliko kulijua mama akiwa kitandani.

Halafu pandisha macho juu ya paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa la mita 15 kwa 8 lina mita za mraba 120, kwa hiyo mvua moja ya milimita 20 inakuletea karibu lita 2,400, na hata ukitoa moja ya tano kwa kumwagika bado ni zaidi ya lita 1,900. Nimeona zahanati zenye bati zuri na gata upande mmoja tu, upande wa mbele, ule unaopigwa picha. Gata la upande wa pili liandike kwenye mpango wa kituo mapema, lipitishwe na kamati na kufungwa kabla ya Desemba. Mvua ya kwanza iache ipite nje ya tanki. Bati la huku limenyonya vumbi la kiangazi chote pamoja na unga wa salfa unaopulizwa kwenye mikorosho, na hutaki ule unga kwenye maji ya kunywea dawa.

Ukishamaliza hesabu, tembea chumba kwa chumba na uhesabu sehemu za kunawa zenye vitu viwili kwa pamoja, maji na sabuni. Chumba chenye kimoja tu kihesabu kama hakina.

Hatua ya 3: Muulize mama wa usafi, usijijibie mwenyewe

Mkaguzi mzuri hamuulizi mfawidhi jinsi ya kuchanganya jiki. Anamfuata mhudumu aliyeshika dekio. Kwa hiyo na wewe mfuate, na muulize kwa heshima, maana mara nyingi yeye ndiye mkubwa wenu wote kwa umri.

Dawa ya kutakasa tunayoihitaji kwa kazi nyingi ni klorini ya asilimia 0.5. Jiki ya asilimia 3.5 inachanganywa kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Hii kila mtu ameikariri kutoka kwenye bango ukutani. Shida ni kwamba duka la mjini likiishiwa linauza chupa nyingine. Siku moja mama yetu wa usafi alinifuata ameshika chupa mpya: "Sista, hii imeandikwa tano. Bado ni vikombe sita?" Nilikuwa nimeinunua mwenyewe na sikuwa nimesoma. Jiki ya asilimia 5 inataka vikombe tisa vya maji. Kanuni ni rahisi: gawanya namba iliyo kwenye chupa kwa 0.5, kisha toa moja. Tumeibandika juu ya sinki kwa maandishi ya mkono, karibu na lile bango la wizara, na hakuna mkaguzi aliyelalamika.

Ndoo ya mchanganyiko iandikwe saa na tarehe. Ukipita saa 24, mwaga. Isikae juani wala wazi, maana klorini huruka na unabaki unafuta meza kwa maji matupu.

Taka zina rangi zake: nyeusi au bluu kwa taka za kawaida, njano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa zile hatari zaidi. Sindano haziingii kwenye ndoo yoyote kati ya hizo, zinakwenda kwenye sefti boksi, na likifika robo tatu linafungwa. Usipoteze muda kukagua rangi za ndoo, kagua kilichomo ndani. Vaa glovu nzito, inamisha ndoo nyeusi na uangalie. Ukikuta pamba yenye damu mle, umeshapata jambo la kuzungumza kwenye kikao cha Jumatatu.

Kisha fuata taka mpaka nyuma. Je, kichomea taka kinafungwa kwa komeo au watoto wa kijiji wanaokota mabomba ya sindano wakachezee? Shimo la kondo lina mfuniko? Uzio upo? Hapa wengi hatufiki kwa sababu nyasi ni ndefu. Mkaguzi anafika. Nimewahi kumwona mmoja akipita katikati ya nyasi na viatu vya ngozi bila kusita.

Hatua ya 4: Friji ya chanjo na aibu yangu

Miaka ya nyuma, Ijumaa saa sita mchana, mjumbe mmoja wa timu alisimama mbele ya jedwali letu la joto la friji. Akalisoma taratibu, kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

"Sista, Jumapili jioni friji ilikuwa nyuzi ngapi?"

"Tano," nikajibu, nikisoma jedwali.

"Na leo ni siku gani?"

Nilikuwa nimejaza Jumamosi na Jumapili mapema, kwa kuwa nilikuwa na safari ya msiba Masasi. Tano, tano, tano, tano. Hakusema kitu kingine. Alichukua simu akapiga picha.

Joto la friji ya chanjo linatakiwa liwe kati ya nyuzi 2 na 8, lisomwe asubuhi na jioni, siku zote saba. Tangu siku ile jedwali letu lina safu ya saa na ya herufi za jina la aliyesoma, na anayeshika zamu ya wikiendi ndiye anayesoma, kwani anaishi nyumba ya kituo. Ukijikagua, anza kwa kutazama kama namba zinapumua. Friji ya kweli inasoma 4, kesho 6, halafu 5, umeme ukikatika 7. Mwezi mzima wa tano tupu ni jedwali lililojazwa kwa kalamu moja ndani ya dakika moja, na wino wenyewe husema.

Sasa fungua friji. Chukua kichupa kimoja ukiweke mwangani, utazame kile kimraba kinachobadilika rangi kwa joto, kilicho ndani ya duara. Kikiwa cheupe zaidi ya duara, chanjo ni nzima. Rangi zikilingana, au kimraba kikiwa cheusi zaidi, kichupa hicho kinatolewa hata kama tarehe yake ni ya mwakani. Lakini kimraba hakikuambii kama chanjo iliganda. Chanjo ya pepopunda, ya pentavalenti (ile ya magonjwa matano), ya nimonia na ya HPV (ya saratani ya mlango wa kizazi) zikiganda zimekufa, kwa hiyo zisigusane na barafu wala ukuta wa friji. Soda, samaki na maji ya kunywa ya mlinzi visiwemo humo kabisa. Najua joto la Novemba linavyokuwa. Visiwemo.

Mwisho wa hatua hii, muulize yeyote aliye zamu: umeme ukikatika saa nne usiku unafanya nini? Jibu liwe na kitu cha kushika: kibebeo cha chanjo kiko wapi, barafu zimegandishwa ngapi, kituo cha jirani chenye friji ya sola ni kipi na nani anapigiwa simu. "Nitampigia sista" si jibu.

Hatua ya 5: Trei ya dharura, kwa saa mkononi

Usihesabu vitu kwenye trei. Itumie.

Zoezi langu la kwanza niliitisha kwa simu, nikiwa kwenye foleni ya benki Newala mjini. Nikamwambia muuguzi, "Mtoto amezaliwa sasa hivi, hapumui, mimi sipo. Leta mfuko wa kupumulishia." Nikawa nasikia miguu, droo, mlango, droo tena. Kisha sauti: "Sista, kabati limefungwa, ufunguo uko wapi?" Ulikuwa kwenye pochi yangu, kwapani. Mtoto mchanga asiyepumua anatakiwa awe ameanza kupumulishwa ndani ya dakika moja tangu azaliwe. Sisi hata kabati hatukulifungua. Siku hizi trei iko wazi juu ya meza ya mtoto, imefunikwa kitambaa safi, na ufunguo wa dawa zinazofungiwa unakabidhiwa zamu kwa zamu kwa sahihi.

Mfuko wenyewe ujaribu: bana barakoa kwenye kiganja chako, minya, usikie valvu ikifunguka. Barakoa ziwe mbili, namba 0 na namba 1. Mtungi wa oksijeni ufungue usikilize, usiamini rangi yake. Oksitosini, sindano ya kuzuia mama asitokwe damu nyingi baada ya kujifungua, inataka baridi, nyuzi 2 hadi 8, na nimeikuta mara nyingi dirishani kwenye kikombe "ili iwe karibu." Iwe kwenye kisanduku chake chenye lebo, kisichochanganyika na chanjo. Palipo na magnesiamu salfeti kwa kifafa cha mimba, kalsiamu glukonati, dawa ya kuipinga ikizidi, iwe kando yake. Soma tarehe za kuisha za vyote kwa sauti, mwenzako akiandika.

Na ukutani, kwa maandishi makubwa yanayosomeka hata taa ikizimika na mtu akimulika kwa simu: 115, namba ya m-mama ya usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga. Chini yake namba ya kituo cha afya mnachopeleka rufaa.

Hatua ya 6: Fuata dozi moja kwenye vitabu

Chagua mwezi mmoja uliopita na dawa moja. Huku kwetu malaria haijatuacha, kwa hiyo mimi hutumia dawa mseto. Fungua kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), kile cha wagonjwa wa nje, hesabu waliopimwa na waliokutwa na malaria. Fungua rejista ya dawa, hesabu waliopewa. Fungua kadi ya stoo, tazama zilizotoka. Kisha ingia stoo uhesabu zilizopo rafuni.

Tuseme kitabu kinasema wenye malaria ni 62, rejista inasema 62, na stoo zimetoka dozi 91. Usikimbilie kumshuku mtu. Mara nyingi nimekuta majibu ya kawaida: chumba cha dawa kilichukua boksi zima na salio bado liko droo ya chini, au dozi za watoto wadogo ziliisha, zikatolewa za wakubwa na kukatwa bila kuandikwa. Lakini pia nimekuta wagonjwa waliopewa dawa bila kipimo kuandikwa popote, na hilo si kosa la karani, ni kosa la tiba. Andika sababu uliyoikuta pembeni ya kadi, weka tarehe na sahihi. Tofauti yenye maelezo mkaguzi huipita. Namba zilizofutwa kwa wino mweupe hukaa nazo saa nzima.

Ukiwa humo stoo: maboksi yasiguse sakafu wala ukuta, zinazoisha mapema zikae mbele, na zilizokwisha muda zitengwe, ziandikwe na zifungiwe zikisubiri utaratibu wa kuteketezwa. Usizichome mwenyewe nyuma ya nyumba.

Hatua ya 7: Ukuta na faili

Hii ni ya nusu saa. Leseni za watumishi kutoka mabaraza yao ziwe hai, muhtasari wa vikao vya kamati ya usimamizi ya kituo uwe na sahihi za wajumbe, bei na misamaha zibandikwe panaposomeka. Sanduku la maoni lifunguliwe mbele ya mjumbe wa kamati, na kwenye muhtasari kuwe na angalau jambo moja lililofanyiwa kazi kutokana na karatasi zilizomo. Kama sanduku ni tupu miezi sita, angalia kama kuna kalamu na karatasi karibu. Wazee wetu wengi hawaandiki, kwa hiyo sisi huwa tunamwomba mjumbe mmoja wa kamati, mama wa makamo asiyeogopa mtu, akae benchini siku ya kliniki na kuwasikiliza. Tunapata mengi zaidi kwake.

Hatua ya 8: Andika mapungufu kabla hujaandikiwa

Chora safu nne: nilichokikuta, nani anashughulikia, mwisho lini, inahitaji fedha au haihitaji. Kwangu, zaidi ya nusu ya mistari huwa haihitaji fedha. Hiyo ianze kesho yake. Inayohitaji fedha ipange kwa hatari, si kwa kuonekana: mfuniko wa shimo la kondo unatangulia rangi ya ukuta. Usiandike jina la mtumishi kwenye safu ya kwanza, andika tukio. "Jedwali lilijazwa mapema," siyo "fulani alijaza." Nimewaona watu wakificha makosa miaka miwili kwa sababu ya karatasi moja iliyoandikwa vibaya na kubandikwa ofisini.

Hatua ya 9: Siku wanapokuja

Endelea na kliniki. Usifunge dirisha la dawa kwa ajili ya wageni. Timu ikiuliza usilolijua, sema hulijui na umwite anayelijua. Wakikuta kasoro uliyokwisha kuiona, wape ile karatasi yenye safu nne. Mara ya kwanza kufanya hivyo mkono ulinitetemeka, lakini mkaguzi aliisoma, akavuta kiti, na mazungumzo yakageuka kuwa ya gata na bowza.

Kabla hawajapanda gari hakikisha mambo mawili. Maoni yao yaandikwe kwenye kitabu cha usimamizi kwa mkono wao na sahihi zao, siyo kusemwa tu mlangoni. Na yale yaliyo juu ya uwezo wako, kama tanki la pili, uzio au mtumishi wa kuongezwa, yaandikwe upande wa halmashauri, pamoja na tarehe. Upige picha ukurasa ule. Kisha fungua koki ya chumba cha kujifungulia uone kama bado yanatoka, maana wageni nao wamenawa.